Uzi: Nazalisha vifaranga vya blugili kwenye bwawa la robo ekari Iowa. Kuzaa si shida, shida ni wakishazaa

Mvuvi wa Ukara

Wakuu, habari za mchana. Wiki iliyopita kuna dada alileta kilio humu: bwawa lake la Kibaha limejaa perege, akimwaga chakula maji yanachemka, lakini akivuta wavu hapati hata mmoja wa kujaza kiganja. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe. Nikaona niufungue wa kwangu.

Mimi ni mtoto wa Ukara, kisiwa cha ziwa Victoria, nimekulia kwenye dagaa na karabai. Sasa hivi niko Iowa, Marekani, mwaka wa tatu nafanya kazi kwa mzee mmoja anayelima mahindi na soya, na pembeni ana mabwawa matatu ya kuzalisha vifaranga vya samaki. Msifikirie kampuni. Ni yeye, mkewe, mimi, na mbwa mwenye ugomvi na korongo. Bwawa lililo mikononi mwangu lina robo ekari, kina chake futi mbili upande wa juu, kinateremka mpaka futi tisa kwenye bomba la kutolea maji.

Samaki mwenyewe anaitwa bluegill. Nimeshamfanya Mswahili, namwita blugili, mtanivumilia. Ukimwona mara ya kwanza utaapa ni perege: bapa, duara kama kisahani, mistari ya wima ubavuni. Mwangalie tena. Mdomo ni mdogo, nyuma ya shavu ana kisikio cheusi, chini ya taya anang'aa buluu, na dume wakati wa kuzaa kifua kinageuka rangi ya chungwa. Kwa ukoo hana undugu na perege. Ndugu yake ni besi mdomo-mkubwa, yule ambaye Wamarekani wanamvua kama dini. Na ndugu huyo ndiye anayemla.

Ndiyo biashara yetu ilipo. Huku mkulima akichimba bwawa shambani, anataka besi wa kuvua yeye na blugili wa kuvua wajukuu, halafu besi nao wale watoto wa blugili. Kipimo kinachotumika sana ni blugili kumi kwa besi mmoja. Kwa hiyo wanakuja kwetu na mapipa, tunawahesabia vifaranga wa inchi mbili au tatu, wanaondoka. Hatuuzi samaki wa kula.

Sasa kuzaa kwenyewe. Hawa hawaanzi mpaka maji yafike nyuzi 20 za Selsiasi hivi, kwetu ni mwishoni mwa Mei. Kabla ya hapo waimbie hata taarabu, hawakusikii. Dume ndiye anayeanza. Anachagua penye changarawe au mchanga, maji ya futi moja mpaka tatu, anasimama wima na kuchapa mkia chini mpaka inabaki beseni la duara, upana wa sahani ya wali. Jirani yake anachimba lake, na jirani wa jirani, yamegusana kabisa. Simama ukingoni asubuhi hakuna upepo, utaona sakafu ya bwawa imekuwa chuma cha vitumbua. Kila shimo lina dume mmoja anayezunguka juu yake, akimfukuza kila anayepita, na jike akisogea, dume anaguna. Ndiyo, anaguna, samaki huyu ana sauti.

Jike anataga, anaondoka zake. Jike mmoja kwa mwaka anaweza kutaga kuanzia maelfu machache mpaka makumi ya maelfu, inategemea mwili wake. Dume anabaki anapepea mayai kwa mapezi usiku na mchana. Maji yakiwa na joto zuri yanaanguliwa ndani ya siku mbili tatu, halafu baba anaendelea kulinda siku kadhaa mpaka watoto waweze kuogelea. Muda wote huo hata kula anakula kwa kubahatisha. Kwa sato wetu ni mama ndiye anayebeba mayai mdomoni, huku anayelinda mayai ni baba. Lishikeni hilo, litatusaidia mbele.

Ngoja nikawashe pampu, naendelea.

Kisiki cha Mpingo

Nimeshavuta kigoda, nimekaa mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Dalali Mstaafu

Samaki wa inchi mbili, robo ekari, mbwa mmoja. Na mshahara unalipwa kwa dola au kwa vitumbua?

Mama Bwawa

Mimi ndiye yule wa Kibaha. Asante kaka kwa kunikumbuka. Bwawa langu ni mita 20 kwa 15. Niliweka vifaranga 1,500 mwaka jana mwezi wa tatu. Wa kwanza walikua vizuri tu, nikawa nawavua wakubwa kidogokidogo, nampelekea mama ntilie wa stendi. Sasa hivi waliobaki ni hivi vidole. Chakula nanunua kilekile. Kosa langu liko wapi?

Mvuvi wa Ukara

Dada, kosa umeshalitaja mwenyewe ila umelipita kwa haraka. Nitakufikia, nipe nafasi nianze na blugili kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

@Dalali Mstaafu nalipwa dola, vitumbua najipikia mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kazi ni kuwafanya wazae. Tuliweka wazazi 24: majike 14, madume 10, wote wakubwa. Kufikia Agosti nilikuwa na watoto wasiohesabika, nikampigia simu mama yangu kumtambia. Mzee alikuja akaangalia, akachota kwa kimia, akaniambia kwa utulivu, "Sasa una tatizo." Sikumwelewa. Blugili anazaa kiangazi kizima, siyo mara moja. Wa Juni wanakuwa na inchi moja na nusu wakati wa Agosti wanaanguliwa, wote mezani pamoja, sufuria moja. Bila besi wa kuwapunguza, bwawa linajaa midomo. Wanaishi, hawafi, ila hawakui. Huku wanasema bwawa limedumaa.

Jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1930 na 1940, pale Auburn, Alabama, mtafiti anayeitwa Homer Swingle alichukua mabwawa mengi madogo, akawa anayakausha na kuhesabu samaki mmoja mmoja, kilo kwa kilo. Alichokiona ni kwamba bwawa la ukubwa fulani na rutuba fulani linabeba uzito uleule wa samaki, uwe umeugawa kwa samaki 200 au 20,000. Chakula hakiongezeki kwa sababu midomo imeongezeka. Mchanganyiko wa besi na blugili unaowekwa kwenye mabwawa ya wakulima mpaka leo umetokana na kazi ile.

Dada wa Kibaha, soma hiyo aya mara ya pili.

Omena wa Kisumu

Boss, hiyo maneno ni kweli tupu. Sisi bwawa letu lilichimbwa wakati ule wa mpango wa serikali wa 2009, mabwawa 200 kila eneo bunge. Tulikuwa na furaha ya vifaranga, hatukujua kuhesabu. Baada ya mwaka ilikuwa ni kama tunafuga omena. Lakini niulize, si ungeweka tu homoni wawe madume wote kama vile hatcheri za sato zinafanya?

Mvuvi wa Ukara

@Omena wa Kisumu kwa sato ndiyo, vifaranga wanalishwa chakula chenye homoni wiki tatu nne za mwanzo wanakuwa madume karibu wote. Kwa blugili njia ya mjini ni kuchanganya: dume wa blugili na jike wa binamu yake, yule wa kijani mwenye mdomo mpana. Watoto wanatoka madume kwa sehemu kubwa sana, na wanakua haraka. Shida yao ni kizazi cha pili: wakizaana wao kwa wao unapata vurugu, kila mmoja na sura yake, wengi wabovu. Mzee hataki kabisa kuwauza. Anasema mteja akirudi baada ya miaka mitano kulalamika, atalalamika kwake, siyo kwa binamu.

Sasa turudi kwa baba.

Dume mkubwa mwenye kifua cha chungwa ndiye anayeonekana mtamu kwa kila mvuvi. Wakati wa kuzaa amesimama futi mbili za maji, hakimbii, kila kinachoingia shimoni anakipiga. Tupia ndoana yenye mnyoo, umempata. Mtu akiwa na kijana wake wanajaza ndoo mchana mmoja. Na mimi nilifanya hivyohivyo, Juni ya kwanza, nikawakaanga wanane na ugali. Watamu, nyama nyeupe, tamu kuliko sato, msinipige mawe.

Kumbe nilichofanya ni kuvunja baraza la wazee. Watafiti wa Illinois katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba madume wadogo, wakiwa na wakubwa bwawani, wanaahirisha kukomaa. Wanajua hawana nafasi ya kupata shimo, kwa hiyo nguvu yote wanaipeleka kwenye mwili. Ondoa wakubwa, na vijana wa inchi nne wanaanza kuchimba mashimo. Na samaki akishaanza kuzaa ukuaji wake unapungua sana, kwa sababu chakula kinakwenda kwenye mbegu na kulinda. Miaka miwili mitatu ya kuvua wakubwa tu, una bwawa la wazee wafupi.

Ndiyo maana kwenye bwawa langu sasa kuna kamba ya bluu imefungwa upande wa mashimo. Juni na Julai hakuna ndoana inayovuka kamba ile, hata ya mzee mwenyewe.

Kisiki cha Mpingo

"Baraza la wazee" 😂😂 Kwa hiyo vijana wakiona wazee hawapo wanaoa wakiwa kidato cha pili.

Mvuvi wa Ukara

Kuna kibaya zaidi. Kuna madume ambao hawajengi kabisa. Kule ziwa Opinicon, Ontario, Kanada, ambako hawa wamechunguzwa kwa muda mrefu, dume mwenye shimo anakomaa akiwa na miaka saba. Lakini wapo wanaokomaa na miaka miwili tu, vidogo, wanajificha majanini kando ya shimo. Jike akianza kutaga, kijana anachomoka kama mshale, anamwaga mbegu, anakimbia. Akikua kidogo anabadili mbinu: anavaa rangi na mwendo wa jike, anaingia taratibu katikati ya wanandoa, na mwenye nyumba anampokea akidhani amepata mke wa pili.

Baba wa watu anapepea mayai ya mchepuko wiki nzima.

Dalali Mstaafu

Hapo sasa umenipata. Nimerudi kusoma kuanzia juu.

Mwana Uvira

Jambo bandugu. Miye niko Kentucky, nilitokea Uvira. Hawa samaki sisi tunawakula kila wikendi, ni kama tulirudishiwa ziwa. Siyo mukeke, siyo ndagala, lakini ukiwakausha kidogo na pilipili, watoto wanasahau kuku. Nataka kuuliza ndugu: hapa kuna mzee wa kanisa ana kashimo ka maji nyuma ya nyumba, maji yamekuwa kijani kibichi kabisa. Anataka kuweka dawa. Aweke ama aache?

Mvuvi wa Ukara

Ndugu Mwana Uvira, mwambie asiguse dawa mpaka asome hii.

Agosti ya mwaka wa pili. Bwawa langu lilikuwa limejaa mwani, kijani kama supu ya mlenda, juu yake utando wa nyuzinyuzi. Kidogo cha kijani ni kizuri, ndiyo chakula cha viumbe vidogo ambavyo vifaranga wanakula. Kipimo chetu ni sahani nyeupe na nyeusi kwenye fimbo: unaizamisha mpaka isionekane. Ikipotea kati ya sentimita 45 na 60, safi. Siku ile ilipotea sentimita 20. Mzee alikuwa amesafiri. Nikachukua mrututu, nikapima kwa bwawa lote, nikamwaga bwawa lote, mchana mmoja, maji yakiwa nyuzi 29. Nikajisifu.

Mwani ukafa wote kwa pamoja. Na ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Kesho yake kukawa na mawingu kutwa, mwani mchache uliobaki haukutengeneza kitu. Usiku wa kuamkia siku ya tatu mbwa alibweka mpaka nikatoka. Saa kumi na nusu alfajiri, nikawasha tochi. Uso wa bwawa ulikuwa midomo. Maelfu ya midomo midogo, imefunguka, inanyonya hewa, na sauti yake ni kama mvua nyepesi kwenye majani ya mgomba. Hakukuwa na mvua. Kipimo kikasoma miligramu 1.4 za oksijeni kwa lita. Sisi tunataka 5, chini ya 3 samaki yuko taabani.

Nikakumbuka gurudumu la kupiga maji linalofungwa nyuma ya trekta. Sikuwa nimewahi kulifunga peke yangu. Nikalifunga kwa mikono inayotetemeka, nikarudisha trekta nyuma mpaka ukingoni, nikawasha. Vifaranga walijipanga mbele ya yale maji yanayoruka kama watu wa foleni ya bomba. Tulizoa ndoo tatu za waliokufa asubuhi, na wakubwa ndio waliotangulia kufa, kwa sababu mwili mkubwa unadai hewa nyingi. Madume wangu wanne wa kifua cha chungwa walikuwa humo.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu nilimwaga eneo gani. Nikasema lote. Akasema robo, unasubiri wiki mbili, robo nyingine. Basi.

Kwa hiyo mzee wa kanisa asafishe nyuzinyuzi kwa reki kwanza, aangalie kama mbolea ya bustani haitiririkii humo, na kama lazima dawa, basi robo, asubuhi ya jua, na asimwage kipindi cha joto kali. Samaki wakianza kupumulia juu alfajiri, awashe chochote kinachorusha maji.

Mwana Uvira

Asante sana ndugu. Nitamusomea kesho. Hiyo ya midomo imenishika.

Mama Bwawa

Pole kaka. Na mimi naona alfajiri wanapumulia juu, nilidhani wana njaa nikawa nawaongezea chakula 🙈

Mvuvi wa Ukara

Mama Bwawa, hapana! Chakula kisicholiwa kinaoza kilekile. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa sababu usiku kucha hakuna jua la kutengeneza hewa na kila kiumbe bwawani anavuta. Acha kulisha asubuhi sana. Lisha saa nne, jua likiwa limeshika, na kile tu wanachomaliza kwa dakika kumi.

Sasa deni lako. Perege wa bwawani anakomaa akiwa na miezi mitatu mpaka sita, kamwili ka gramu 30 au 50, na jike anaweza kuzaa kila baada ya wiki nne mpaka sita. Ile habari ya baraza la wazee nimeiona kwa blugili, sitakuapia kwamba perege ni vilevile. Ila hesabu ya Swingle ni ya wote. Wewe ulivua wakubwa, ukaacha wadogo wazaliane, na kila mwezi midomo inaongezeka kwa mfuko uleule wa chakula. Umebaki na mbegu ya waliochelewa kukua.

Ningekuwa mimi: vuta wote, uza wa kuuzika, wengine kausha. Toa maji, acha sakafu ipasuke kwa jua, mwaga chokaa kwenye madimbwi yaliyobaki maana perege mmoja kwenye tope anakurudisha ulikotoka. Halafu weka madume watupu kutoka mahali unapopaamini. Kama huwezi kuwapata, weka kambale wachache wawe polisi wa vifaranga, ila waingie wakiwa wadogo kuliko perege wako, la sivyo polisi wanakula raia.

Omena wa Kisumu

"Polisi wanakula raia" sisemi kitu.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu mimi swali langu ni la baridi. Umesema Iowa. Si barafu inafunga bwawa lote? Samaki hawagandi?

Mvuvi wa Ukara

Nilipofika nililiuliza hilohilo. Bwawa linafunga kuanzia Desemba, na Januari unatembea juu yake. Unene wa sentimita 10 za barafu safi unambeba mtu, mimi bado huwa napita kwa kunyata kama mwizi. Siri ni kwamba maji ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Kwa hiyo ya nyuzi 4 yanazama chini, yaliyo baridi zaidi yanabaki juu na kuganda. Barafu inakuwa blanketi. Blugili yuko chini kabisa, anasogea taratibu, anakula kwa nadra. Sato angekufa zamani, yeye chini ya nyuzi 10 hivi hana maisha, ndiyo maana kumfuga nje huku mwaka mzima haiwezekani.

Kinachoua ni theluji. Barafu tupu inapitisha mwanga, mimea ya chini inaendelea kutoa hewa kidogo. Theluji ikilala juu ni kama umefunga pazia. Basi Januari na Februari kazi yangu ni kusukuma theluji juu ya barafu kwa koleo, mistari mistari, mtoto wa Ukara huyo. Na tuna kimashine kinachotoa mapovu ya hewa kuacha tundu wazi. Tunakiweka upande wa kina kifupi, siyo kilindini, maana ukikoroga yale maji ya nyuzi 4 unawavua blanketi.

Mwalimu wa Jiografia

Mleta uzi, heshima kwako. Niongeze kidogo kwa sababu samaki huyu ana kesi ya kimataifa. Mwaka 1960 mwana mfalme wa Japani, Akihito, alitembelea Chicago, meya Richard J. Daley akampa zawadi ya blugili. Mwana mfalme mwenyewe ni mtaalamu wa samaki, akawapeleka kwao wakafugwe kama kitoweo. Wakatoroka. Wakafika ziwa Biwa, wakawa wanakula mayai na watoto wa samaki wa asili. Mwaka 2007, akiwa ameshakuwa mfalme, alisimama hadharani karibu na ziwa hilo akasema inamuuma. Baadaye vinasaba vilipopimwa, blugili wote wa Japani wakaonekana ni uzao wa samaki 15 tu waliotoka Guttenberg. Mleta uzi anajua Guttenberg iko wapi.

Mvuvi wa Ukara

Iowa hiyohiyo, kando ya Mississippi. Mzee ana hadithi hiyo, anaisimulia kila mteja akija na pipa. 15 tu!

Mwalimu wa Jiografia

Na huyohuyo Akihito, mwaka 1965, alimpelekea mfalme wa Thailand sato 50. Hao wa Afrika. Leo sato ni kitoweo cha kawaida kabisa Thailand nzima. Mtu mmoja, zawadi mbili.

Dalali Mstaafu

Sasa si tuwalete na sisi hao blugili? Wanavumilia baridi, tuwaweke Makete, Lushoto, wapi huko.

Mvuvi wa Ukara

Mkuu, mimi nimezaliwa kwenye ziwa lililoletewa sangara katika miaka ya 1950. Bibi yangu alikuwa anataja aina za furu, visamaki vya asili vya ziwa letu, kwa majina, moja baada ya nyingine, mpaka tunasinzia. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaona wachache mno. Afrika Kusini blugili walipelekwa 1938 ili wawe chakula cha besi, na mpaka leo wapo mitoni. Hapana. Kwenye bomba langu la kutolea maji kuna wavu wa tundu dogo, mara mbili, na mzee ana leseni ya jimbo inayosema nini kinatoka, kinaenda wapi. Asiletwe.

Omena wa Kisumu

Boss, vifaranga wanakula nini kabla ya kuanza pelet, vile vidonge vya chakula? Na wadudu je?

Mvuvi wa Ukara

Swali zuri. Kifaranga akitoka shimoni mdomo wake ni nukta, anataka vijidudu vya majini. Kwa hiyo unalisha maji, siyo samaki. Wiki mbili kabla ya hapo tunajaza bwawa lililokauka, tunachuja maji kwa soksi ya nailoni wasiingie wageni, tunamwaga mashudu. Mashudu ya pamba, kama yale ya Shinyanga, au ya soya, pamoja na majani makavu ya alfalfa. Maji yanaanza kuchezacheza ukiyachota kwenye glasi, hapo meza imeandaliwa. Wakifika nusu inchi ndipo tunawazoesha chenga za chakula, saa ileile, kona ileile.

Usijaze mapema zaidi ya hapo maana wadudu wanawahi: watoto wa kereng'ende, na yule mdudu anayeogelea chali. Huyo wa chali anamnyonya kifaranga kama mtu na embe. Anakuja juu kuvuta hewa, kwa hiyo wazee wa zamani walimwaga mafuta kidogo juu ya maji siku tulivu, akija anakwama. Sisi tunatumia ya kula. Korongo ndiye mtihani. Sheria ya ndege wahamao ya 1918 inamlinda, huruhusiwi kumgusa. Tuna mbwa.

Kuvuna ni Oktoba, maji yakiwa yamepoa. Siku mbili kabla hawali, wasafiri na tumbo tupu. Kifaa ni kokoro. Kule nyumbani ukikutwa nalo unalala ndani, huku ndiyo jembe langu, na kila nikilivuta naangalia nyuma kama boti ya doria inakuja. Kwenye pipa la safari tunaweka chumvi, gramu 5 kwa lita, inawatuliza.

Mama Bwawa

Nimeita vijana wawili, Jumamosi tunatoa maji. Chokaa nimepata mifuko miwili. Kaka kuna perege mmoja mkubwa sana amebaki, anaonekana jioni tu, watoto wangu wamempa jina. Naye nimtoe?

Mvuvi wa Ukara

Mtoe dada, mweke kwenye simtanki pembeni na maji ya bwawa, funika na neti maana ataruka. Ukishajaza upya utaamua. Kama ni dume, rudisha. Ukimgeuza, dume ana tundu mbili kwa chini, jike ana tatu.

Kisiki cha Mpingo

Jina lake nani huyo perege?

Mama Bwawa

Mwenyekiti.

Kisiki cha Mpingo

Na wewe mleta uzi, picha za hivyo vitumbua ziko wapi? Siku ya nne leo.

Mvuvi wa Ukara

Maji leo asubuhi nyuzi 18. Jana 17. Kuna mmoja kifua kimeanza kuiva, tangu juzi anazunguka pale penye changarawe, hajachimba. Nimeshafunga kamba. Kaeni hapohapo.